Mwaka Tulioililia Mashua ya Waingereza

Tulimzika Mzee Laurenti kambini Nduta, kwenye mteremko unaotazama miombo. Udongo ulikuwa umelowa hata iliwabidi wachimbaji wasimame mara kwa mara kukwangua tope kwenye majembe. Nilikuwa nimetoka Kasulu alfajiri, na nilifika sketi ikiwa imelowa hadi magotini. Mimi si mtu wa kulia mbele za watu. Msibani hukaa pembeni nikamenya ndizi na kuosha sufuria, na machozi yangu huja baadaye, nikiwa peke yangu. Tuliporudi kutoka makaburini tukaketi kwenye mikeka mbele ya kibanda chake, na mama mmoja nisiyemfahamu akanisogezea bakuli la maharage. Aliniangalia kwa muda, kisha akaniuliza kwa Kirundi, na alipoona nachelewa kujibu akarudia kwa Kiswahili: "Mama, marehemu alikuwa nani wako?" Lilikuwa swali la adabu, kila anayekuja msibani huulizwa. Nilitafuna maharage polepole ili nipate muda. Jibu lilikuwa fupi na nililitoa, nitalifikia. Lakini kabla ya kulitoa mwaka mzima ulinipita kichwani, mwaka mmoja tu wa ujana wangu, na huo ndio ninaoandika hapa. Habari za wazazi wangu na za Kumsenga nilikozaliwa naziacha, kwa sababu hazina la kuongeza.

Mwaka ule nilikuwa mpishi Kibondo mjini, katika nyumba aliyopangishiwa injinia wa maji, Mwingereza, aliyekuwa akisimamia mabomba ya kambi. Ilikuwa Nduta ya zamani, kabla haijafungwa na baadaye kufunguliwa tena. Jina lake tulilijua lakini hakuna aliyelitumia. Tulimwita Injinia, naye aliitika. Alikuwa mtu mrefu, mwenye masikio yaliyokuwa yakigeuka mekundu akicheka au akiaibika, na Kiswahili chake kilitosha kwa chakula, mabomba na salamu. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, sebule na kibaraza vyenye sakafu ya saruji niliyoipaka rangi nyekundu kila Jumamosi, na jiko lililojitenga uani, lenye moshi uliokuwa umezoea kutoka mlangoni badala ya dirishani. Mlinzi alikuwa Mzee Laurenti, mkimbizi kutoka Burundi, mjane, aliyekuwa katekista kwao. Alipewa ruhusa ya kufanya kazi mjini, na mwisho wa juma alirudi kambini kwake. Alikuwa na mtoto mmoja tu aliyebaki hai, Dismasi, kijana wa umri wangu kuzidi kidogo, aliyekuwa akiangalia bomba la mtaa wao kambini. Kila akileta taarifa za bomba kwa Injinia, alipitia jikoni, akageuza ndoo akaikalia, akala ukoko wa ugali wa muhogo niliomwachia. Hivyo ndivyo tulivyopendana. Hatukuwa na mahali pengine zaidi ya ndoo ile na moshi ule.

Sitaki kupamba. Jambo lililonikaa moyoni mwaka mzima lilikuwa moja: kama Dismasi atabaki au atarudi Burundi. Malori ya kuwarudisha watu yalikuwa yameanza kuondoka, kwa hiari, walisema, na kambini hakukuwa na mazungumzo mengine. Dismasi alitaka kurudi. Alizaliwa huku wakati wa ukimbizi wa kwanza wa baba yake, akaishi kwao miaka michache akiwa mtoto, akakimbia tena akiwa amebebwa begani. Alichokumbuka ni kijito na mgomba mmoja uliokuwa nyuma ya nyumba, lakini alivisema kana kwamba ameviona jana. Lakini Mzee hakutaka. Alikuwa amerudi kwao mara moja kwa kuamini maneno ya watu, na safari ile ilimgharimu mke na watoto wawili. Dismasi asingemwacha baba yake peke yake, na Mzee asingemruhusu aende peke yake. Kwa hiyo kila kitu kilimtegemea Mzee, nami nilikuwa nampa nyama iliyonona kuliko ya Injinia.

Habari ya mashua iliingia kupitia redio. Redio ya Injinia ilishika vizuri mahali pamoja tu, kwenye dirisha la jiko langu, waya wake ukiwa umefungwa kwenye bati. Basi kila asubuhi alikuja jikoni na kikombe chake cha chai, akaegemea ukuta wenye masizi, shati lake likachafuka, akasikiliza. Mwanzoni nilidhani ni habari za vita. Ndipo siku moja, Mzee Laurenti akiwa anaota moto kabla ya kwenda kulala, Injinia akatueleza. Kulikuwa na mashindano ya mashua za tanga baharini, na zawadi yake ilikuwa birika la fedha. Zamani sana, babu zao Waingereza waliandaa mbio kuzunguka kisiwa chao wenyewe, ikaja mashua moja tu ya Wamarekani, ikawashinda malkia wao akiwepo, ikaondoka na birika. Tangu hapo wamekuwa wakilifuata. Matajiri wao wamemaliza mali, mabaharia wao wamezeeka, na kila wakienda wanarudi mikono mitupu. Mataifa mengine yaliyoanza juzi yamelipata, yamelipoteza, yamelipata tena. Wao hata mara moja. Na sasa, baada ya kupumzika kwa miaka mingi, walikuwa wamepeleka mashua tena, upande wa dunia ambako jua huchomoza mapema kuliko kwetu, ndiyo maana matokeo yalitufikia asubuhi pamoja na chai.

Alikuwa na picha ya birika lile aliyoikata gazetini na kuibandika sebuleni juu ya rafu, pembeni ya ramani ya mabomba. Nilikuwa nimeipangusa vumbi miezi yote nikidhani ni chombo cha kanisani. Nikamuuliza linaingia maji kiasi gani. Akasema haliingii hata tone, halina kitako. Mzee Laurenti alicheka mpaka akakohoa.

"Injinia wa maji," alisema, "miaka yote hiyo, kwa birika lililotoboka?"

Masikio ya Injinia yakawa mekundu, naye akacheka. Lakini Mzee alipomaliza kukohoa hakuendelea kumtania. Alichokoza moto kidogo, akasema kwa Kirundi, mimi nikaelewa kwa sababu Kiha chetu kiko jirani nacho, kwamba kinachouma hapo si birika. Ni kwamba walinyang'anywa wakiwa uani kwao.

Siku chache baadaye Dismasi alikuja na habari kuwa majirani zao watatu wamejiandikisha kurudi. Alimwambia baba yake palepale jikoni, mbele yangu, kwa sauti ya chini ya mtu aliyepanga maneno njiani. Alisema itongo, yaani shamba la ukoo, likikaa bila mwenyewe huingiwa na watu. Mzee hakugombana naye. Aliinua macho kwenye redio dirishani.

"Siku Waingereza watakapolipata birika lao," alisema, "siku hiyo nami nitapanda lori."

Tulicheka, hata Dismasi alitabasamu kwa uchungu. Ilikuwa sawa na kusema hapana, ila kwa namna ambayo mtoto hawezi kuijibu. Lakini mimi nilibaki na maneno yale. Mzee alikuwa mtu aliyesimama kwenye neno lake. Katekista hasemi tu. Kuanzia asubuhi iliyofuata nikawa nasikiliza redio kuliko Injinia. Sikujua Kiingereza, kwa hiyo nilimwangalia uso. Akiuma mdomo nilijua wameshindwa, nikamwongezea sukari kwenye chai. Akipiga dirisha kwa kiganja nilijua wameshinda, na mikono yangu ikawa mizito kwenye unga. Jumapili kanisani niliomba washindwe. Niliomba hivyo bila kumchukia Injinia hata kidogo. Alikuwa bosi asiyefoka, anayekula alichopewa. Ila yeye alitaka birika, mimi nilimtaka Dismasi, na Mungu tuliyemwomba alikuwa mmoja.

Kuna wiki moja walishinda mbio kadhaa. Injinia alikuwa mtu mwingine. Alituchorea mashua kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko, tanga lake lilivyo, mlingoti wake, watu wanavyokaa upande mmoja isiegemee. Dismasi, ambaye sasa alikuwa akija hata siku zisizo na taarifa, aliuliza maswali mengi: upepo ukikata wanafanyaje, je, mashua huruhusiwa kuziba njia ya nyingine? Injinia alifurahi kupata mwanafunzi. Mzee Laurenti wiki ile hakula vizuri. Alirudisha sahani zikiwa na nusu ya chakula, na nilipomuuliza akasema meno. Jioni moja, Dismasi akinisaidia kuchambua dagaa, nilimuuliza ana nini anashangilia watu asiowajua. Akasema, "Unajua ninachokishangilia." Nikamuuliza, wakishinda, mimi je? Aliendelea kung'oa vichwa vya dagaa, akivipanga pembeni kwa ajili ya paka. "Twende wote, Anasta," akasema. "Kule nako watu wanapika." Niliogopa. Nilikuwa nimeona watu wanavyofika kutoka kule, miguu yao, na sikuweza kuifikiria nchi ile ila kwa kupitia miguu hiyo.

Walitolewa mvua zikiwa zimeshika. Hawakufika hata fainali. Injinia alisikiliza hadi mtangazaji akahamia habari nyingine, akaizima redio, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, akatoka mvuani bila kiatu. Alikwenda kuketi kwenye ngazi ya kibaraza cha mbele, akaweka mikono miwili kichwani, akabaki hivyo. Nilimpelekea chai ikapoa. Nilimpelekea uji ukapoa. Nilirudi jikoni nikafunga mlango kidogo na kuegemea ukuta wenye ile picha ya mkaa, na sitasema uongo, nilifurahi.

Sasa kwetu, mtu mzima akikaa chini pekupeku, mikono kichwani, na chakula kimepoa mbele yake, hakuna anayehitaji kuuliza. Wanawake wawili waliokuwa wakipita na majembe walimwona kutoka barabarani. Waligeuka, na muda si mrefu wakarudi wakiwa saba, mmoja na kuni kichwani, mwingine na unga wa muhogo kwenye beseni, wengine na kanga wamejifunga kiunoni. Waliingia uani, wakampa Injinia mkono mmoja mmoja wakiwa wameinamisha vichwa, wakaketi chini kibarazani, kwenye sakafu yangu nyekundu. Mama Skola, mkubwa wao, akaanza wimbo wa msiba kwa sauti ya chini. Injinia aliwatazama kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Mimi nilisimama mlangoni nimeshika mwiko. Mzee Laurenti alitoka kibandani kwake na kofia mkononi. Mama Skola akamuuliza kwa Kiha ni nani aliyekufa, ni mama yake au baba yake. Mzee angeweza kusema hakuna. Akasema kuna kitu walichonyang'anywa kwao zamani, wameenda tena kukifuata, na leo imejulikana hawakukipata. Mama Skola akauliza, wamekwenda mara ngapi? Mzee akasema hata wenyewe wamechoka kuhesabu. Wanawake wakatazamana. Mmoja wa vijana wao alitaka kucheka, akakanyagwa mguu. Mama Skola akasema wameshaketi, na aliyeketi msibani hainuki kabla ya kunawa mikono na kula, la sivyo anaondoka na msiba kwenda nao kwake. Akaniambia, "Wewe binti, bandika maji."

Basi nikapika. Nilipika ugali wa unga wao na maharage ya Injinia, na samaki wawili aina ya mgebuka niliokuwa nimewaficha kwa ajili ya Mzee na mwanawe. Injinia aliketi chini pamoja nao, akala kwa mkono. Dismasi alifika wakati wa kula, akaambiwa kilichotokea, akakaa karibu na mlango bila kugusa chakula. Walipokwisha kunawa, Mama Skola akamwambia Mzee amwombe mwenye msiba aseme neno, kama inavyofanyika. Injinia akasimama. Alisema kwa Kiswahili chake kibovu kwamba anawashukuru, kwamba anaona haya, kwamba babu yake alisikiliza habari hizi, na baba yake, na wote wamekufa bila kuliona birika. Halafu akasema, "Tutarudi tena. Lazima tutarudi."

Wanawake wengi hawakukielewa Kiswahili chake, kwa hiyo Mzee Laurenti alikuwa akigeuza kila sentensi. Alipofika hapo akasema, "Tuzosubirayo," yaani tutarudi kule, na sauti yake haikuwa ya mtu anayetafsiri. Akalirudia neno lile, safari hii bila kumtazama Injinia wala wanawake. Alikuwa akimtazama Dismasi.

Haikupita wiki mbili akaja jikoni asubuhi, akakaa kwenye ndoo ya mwanawe.

"Anasta, mwanangu," akasema, "nimejiandikisha."

Nilimwambia, "Baba, wameshindwa. Ulisema wakishinda."

"Ego, ndiyo. Nilisema." Alinyoosha viganja vyake kwenye moto. "Lakini ulimsikia yule? Anashindwa tangu babu yake, kwa birika lisilo na kitako, na anasema atarudi. Kwangu mimi ni shamba, mwanangu. Shamba lina kitako."

Nilikuwa nimeomba washindwe na nimesikilizwa, na ni kushindwa kwao kulikomwondoa.

Siku ya kuondoka nilikwenda hadi kambini. Dismasi alikuwa juu ya lori, amekaa kwenye godoro lililoviringishwa, na alinyoosha mkono, si kuniaga, bali kama mtu anayetaka kukupandisha. Lori halikuwa limewasha injini bado. Nilikuwa na muda wa kutosha. Nilimpa kifurushi cha mihogo ya kuchemsha, nikarudi nyuma nikasimama na waliobaki.

Injinia alihamishwa mwaka uliofuata, nami nikaenda Kasulu, nikafungua hoteli ndogo ya chai na wali. Niliolewa, nikafiwa. Hayo ni ya sura nyingine. Kambi ilifungwa, na miaka ikapita, kisha huko kwao kukachafuka tena na Nduta ikafunguliwa. Nilisafiri kwenda kutazama watu wakishuka. Safari ya tatu nilimwona Mzee Laurenti, amekonda, ameshikwa mkono na msichana mwenye paji la uso la Dismasi. Sikuuliza. Alinishika bega akasema, "Lilikuwa na watu," yaani lile shamba, "na hawakukubali kutoka. Dismasi alikwenda kuwaomba wagawane, akarudishwa amefunikwa." Hakuliongelea tena mpaka anakufa. Nilikuwa nikimtembelea kila nilipopata kibali, nikampelekea dagaa na sukari, na kila nikikaa swali lake la kwanza lilikuwa lilelile, la nusu utani: "Wale wameshalipata?"

Injinia, ambaye naye sasa ni mzee kwao, alikuwa ameipata namba yangu kupitia watu waliowahi kufanya naye kazi. Tulikuwa tukitumiana salamu kwenye simu. Karibuni mashindano yalipofika tena, alinitumia ujumbe wa sauti akipumua kama aliyekimbia: wamefika fainali, jambo ambalo kizazi chake hakijaliona, nimwambie Laurenti. Baada ya siku chache ukaja mwingine, mfupi. Wameshindwa. Watarudi tena.

Niliubeba ujumbe huo hadi Nduta. Mzee alikuwa amelala kwenye mkeka, mjukuu wake akimpepea. Nje watu walikuwa wakizungumzia malori, maana wanaambiwa tena warudi. Aliniuliza swali lake kabla sijaketi, na safari hii hakukuwa na utani. Ningeweza kumwambia wamelipata. Asingekuwa na pa kwenda kuhakikisha.

"Hawajalipata, Baba," nikasema. "Walifika mwisho, wakashindwa."

"Wakasemaje?"

"Wamesema watarudi."

Alifumba macho. Nilidhani amelala. Mjukuu aliacha kupepea.

"Waende wao," akasema. "Mimi sirudi tena."

Injinia nilimwandikia kwamba Laurenti amefariki. Alijibu kwa huzuni ya kweli, na akauliza kama mzee alipata kusikia habari za fainali. Nikamjibu kwamba alisikia. Sijawahi kumweleza neno lake lilifanya nini kibarazani pale, wala sitamweleza. Alikuwa amefiwa siku ile, na mfiwa haulizwi anachokisema.

Kwa hiyo yule mama mwenye bakuli la maharage aliponiuliza marehemu alikuwa nani wangu, nilimtazama mjukuu wa Mzee akigawa maji ya kunawa, nikatamani kusema baba mkwe. Hakuna ambaye angenipinga. Nikameza maharage.

"Alikuwa mlinzi katika nyumba niliyokuwa napika," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akasogea kunipa nafasi kwenye mkeka, na mimi nikainuka kwenda kuosha sufuria.